Spika ikirudi dukani, nani anaibeba?

Kwenye mwalo wa Kibirizi humuuzii mama wa Kigoma dagaa wenye mchanga. Anachota kiganja kimoja, anapepeta, anavunja mmoja kwa kucha asikie kama amekauka, ananusa, halafu anakutazama machoni huku bei ameshaipanga kichwani. Hajasomea popote. Amekulia ziwani, muuzaji anajua amekulia ziwani, kwa hiyo hata uongo wenyewe hauanzi. Mama huyohuyo akipanda kwenda Mwanga, humuhumu mjini Kigoma, kununua redio yenye sabufa, anageuka mgeni aliyeshuka na treni asubuhi hiyo. Anasimama mlangoni, ananyoosha kidole kwenye boksi kubwa kuliko yote, anauliza swali moja: "Hii ina wati ngapi?" Na anajibiwa.

Nami nimeuliza swali hilo. Huu ni mwaka wa sita nikiwa mweka hazina wa kwaya, na mara tatu nimetumwa na kamati kununua vyombo. Mara ya kwanza nilipigwa. Mara ya pili nilipigwa tena, ila kistaarabu. Mara ya tatu muuzaji alikataa kuniuzia nilichotaka, akanipa vitu vya nusu ya pesa niliyobeba. Kila ninapozisimulia, watu huhitimisha haraka: wale wawili matapeli, yule wa tatu ana hofu ya Mungu. Nami nilisema hivyohivyo kwa muda mrefu.

Siku hizi siamini. Huyo wa tatu sijui anaishije na Mungu wake. Ninachojua ni kwamba kibanda chake kipo hatua chache kutoka kinyozi wangu, na kitu alichoniuzia kikifa, mkono utakaoshika bisibisi kukifungua ni wake. Wale wawili wa mwanzo, mzigo ukishavuka mlango ulikuwa hauna njia ya kuwarudia. Tunapowapima wauzaji wa vyombo vya muziki tunapima roho zao, nani mkweli na nani mwongo, wakati jambo la kupima liko nje ya roho kabisa: spika ikirudi dukani, nani anaibeba?

Duka la kwanza lilikuwa Mwanga, na silitaji. Kijana aliyenipokea alikuwa na flashi yake, wimbo wake mmoja, na rimoti aliyoizungusha kidoleni kama funguo za gari. Hakuuliza ninataka redio ya kazi gani. Alichomeka, akapandisha sauti, vioo vya kabati vikaanza kutetemeka, mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto mgongoni akasimama kutazama. Ubavuni mwa boksi palibandikwa stika ya rangi ya dhahabu: PMPO 12,000W. "Mwalimu, hii ni mashine," akasema kwa kupaza sauti maana vinginevyo nisingemsikia. "Ukiiweka kanisani, Gungu wanasikia." Nilicheka, nikahesabu shilingi 650,000 za waumini, nikalipa.

Jumapili Gungu hawakusikia kitu. Hata viti vya nyuma havikusikia. Besi ilikuwepo, nyingi kupita kiasi, lakini mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza alisikika kama anaimbia ndani ya pipa. Wiki ya tatu upande mmoja ukanyamaza kabisa. Tukaipeleka kwa fundi, akatoa skrubu sita, akavuta kava la mbele, akakaa kimya. Kisha akanipa kitu kidogo mkononi bila neno. Ile twita ya juu, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo kwa mbele iling'aa kama sarafu mpya, ilikuwa kikombe cha plastiki kilichopakwa rangi ya fedha. Nyuma yake hapakuwa na sumaku, hapakuwa na koili, hapakuwa na hata waya mmoja. Twita ya picha. Ziko nyingi sana, fundi akasema, kwenye redio za bei hii. Ukitaka kujua weka sikio karibu kabisa wakati muziki unalia, utasikia kimya.

Nilirudi Mwanga nikiwa na twita yangu mfukoni. Kijana alinikumbuka, akanisalimia vizuri, akanionyesha maandishi ya muhuri nyuma ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hizo herufi nne, PMPO, zimekula pesa za watu wengi kuliko upatu. Hakuna kipimo kimoja kinachokubalika cha kuipata namba hiyo. Mtengenezaji anachukua mlio wa kufumba na kufumbua, anaujumlisha kwa kila spika iliyomo, anazidisha anavyopenda, anaandika. Wati zenye maana ni zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo bila kukwaruza, ambazo kwenye maandishi huwekewa alama ya RMS, na mara nyingi utazikuta ndani ya kijitabu kwa herufi ndogo, mbali kabisa na stika ya dhahabu.

Lakini huhitaji hata kijitabu. Geuza redio. Nyuma, karibu na waya wa umeme, pana kibandiko kinachosema inakula umeme kiasi gani. Ile yetu iliandikwa wati 80. Chombo kinachokula 80 ukutani hakiwezi kutoa 12,000 mbele, kama ambavyo ng'ombe wa ndoo moja hawezi kukamuliwa pipa. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi isiyozidi ampea 13; zidisha kwa volti 230 unapata wati 2,990, na huo ndio mwisho wa kinachoweza kupita pale kwa amani. Mashine ya wati 12,000 ingehitaji plagi zaidi ya nne kwa wakati mmoja, na ingekula yuniti 12 za LUKU kwa ibada ya saa moja. Mweka hazina yeyote angeshtuka. Mimi ni mweka hazina na sikushtuka, kwa sababu wakati ule nilikuwa natazama stika.

Tusijione washamba peke yetu. Marekani walifika mahali watengenezaji wa amplifaya wakawa wanatangaza wati za kujitungia kiasi kwamba mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ikaweka kanuni maalumu ya jinsi nguvu ya amplifaya za nyumbani inavyotakiwa kupimwa na kutangazwa. Nchi yenye wahandisi wote wale ililazimika kuandika kanuni, kwa kuwa mnunuzi akishindwa kupima mwenyewe, namba huota mbawa popote pale duniani.

Tena wati zenyewe hata zikiwa za kweli zinatupoteza. Ukitoka amplifaya ya wati 100 ukaenda ya 200, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, kiasi ambacho mzee aliyekaa kiti cha nyuma anaweza asikigundue. Ili masikio yakubali kwamba sasa muziki umekuwa mkubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, maana yake nguvu mara kumi. Kinachotofautisha sana ni spika yenyewe inavyoutumia umeme inaopewa. Iko namba ya jambo hilo, huandikwa kwa desibeli kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Spika ya 94 inafika mahali palepale inapofika ya 88 kwa robo ya nguvu. Katika maduka yote niliyoingia, Kigoma na Dar es Salaam, ni mtu mmoja tu aliyewahi kunitajia namba hiyo bila kuulizwa, na sijawahi kumsikia mteja akiiuliza.

Mara ya pili nilijiona nimeshakuwa mjanja. Nilikwenda duka la heshima, lenye feni, viti na soda ya baridi. Muuzaji alikuwa mtu mzima, amechomekea, anazungumza taratibu. Huyu hakunitajia PMPO hata mara moja. Aliicheka pamoja nami. Akapanga spika aina mbili mezani, "usikilize mwenyewe, Mwalimu, uamue mwenyewe." Nikasikiliza, nikaamua mwenyewe: ile ya bei kubwa ilikuwa na sauti nene zaidi, iliyojaa. Ni siku kadhaa baadaye, nikiwa nimejilaza nyumbani, ndipo picha ilinirudia. Alipokuwa akipiga ile ya bei ndogo, kitufe cha sauti kilikuwa kama kwenye nne. Alipohamia ile ya bei kubwa, mkono wake ulipita juu ya kitufe kama anayefuta vumbi, na kikaishia karibu na sita.

Watafiti wawili wa maabara za Bell, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu halisikii besi sawasawa muziki ukiwa chini. Ukipandisha, besi inajitokeza na kila kitu kinaonekana kimenona. Kwa hiyo spika mbili zinazofanana kabisa, ile iliyopandishwa kidogo ndiyo "bora". Nina hakika yule mzee wa soda hajawahi kusikia majina hayo. Amejua tu, kwa miaka ya kusimama dukani, kwamba mteja hununua kilichopiga juu kidogo. Siku hizi kitufe nashika mimi.

Basi akaniuzia, na kwa kuwa tulielewana, akaniongezea ushauri: msinunue spika mbili, nunueni nne, kanisa ni kubwa. Hizo nne zilikuwa za omu 8 kila moja; omu ni kipimo cha spika inavyouzuia umeme, na zikipungua ndipo amplifaya inapobebeshwa kazi zaidi. Ukizifunga mbili pamoja kwenye tundu moja la amplifaya kwa namna ya kawaida ya mafundi wetu, omu zinashuka hadi 4. Ukifunga zote nne tundu moja, zinashuka hadi 2. Amplifaya aliyoniuzia yeye mwenyewe, kwa mkono wake, iliandikwa nyuma kwamba isipewe chini ya 4. Sisi tulikuwa tunatumia tundu moja, na alijua, maana lile lingine tulimwambia ni la spika za wanakwaya. Jumapili ya kwanza ikazima katikati ya mahubiri. Ikapoa, ikawaka, ikazima tena. Nilipompigia simu alinisikiliza kwa upole ule ule, kisha akasema: "Umeme wa huku, Mwalimu. Unapanda na kushuka."

Kwa mtu wa Kigoma jibu hilo halina kesi. Miaka mingi mji huu uliishi kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa, na kila nyumba ina friji au televisheni iliyokwenda na umeme. Kisingizio kikishakuwa na ukweli nusu ndani yake, kinamlinda mwongo vizuri kuliko wakili. Ndivyo umeme wetu ulivyobebeshwa dhambi za amplifaya ambazo zingekufa popote zingefungwa hivyo, hata jirani na bwawa la Kidatu.

Nikiwa na hasira hiyo ningeweza kuandika makala nzima ya kuwatukana wauzaji. Kilichonizuia ni kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi duka la aina hiyo, ambaye sasa anaendesha bajaji. Alinieleza walivyokuwa wakilipwa. Bosi anampa kila kitu bei ya mwisho, tuseme 400,000. Mshahara hakuna, au upo wa kununua sabuni. Akiuza 480,000, zile 80 ni cha juu chake. Sasa fikiria umesimama wewe pale, njaa imeshika, mbele yako redio mbili: moja nzuri ambayo bei yake kila mtu anaijua, cha juu chake elfu kumi, nyingine ya jina geni, cha juu chake elfu themanini. Utampeleka mteja wapi? Na ikiharibika, bosi hatakukata kitu, kwa sababu muhuri upo nyuma ya risiti. Kijana yule wa rimoti Mwanga hakuwa ameamka asubuhi akapanga kuidhulumu kwaya. Alikuwa anatafuta chakula cha mchana ndani ya mtego aliojengewa.

Kariakoo mtego huo umekuwa kazi kamili yenye jina. Winga hana duka, hana bidhaa, hana stoo. Anakudaka barabarani, anakuingiza duka la mtu mwingine, anakula cha juu. Wapo mawinga waungwana, nimekutana nao, wengine wanajua vitu kuliko wenye maduka. Lakini fikiria umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Wewe umeshapanda, boksi limefungwa kamba, linafunguliwa Kigoma siku nyingine kabisa. Winga amekuona mara moja na hatakuona tena. Siku hizi hata hamwonani: anakutumia picha na video kwenye simu, unamtumia pesa kwa simu, mzigo unawekwa kwenye basi. Muuzaji wa namna hiyo akiwa mkweli, ni mkweli kwa hasara yake mwenyewe, na biashara yoyote inayotegemea watu wapate hasara ili wawe wakweli haitadumu na wakweli wengi.

Shemeji yangu alinunua kwa njia hiyo amplifaya ya mtumba kutoka Japani. Kitu kizito, cha chuma, kizuri kweli. Mitumba ya Japani ina sifa yake na inastahili. Kasoro moja tu: umeme wa majumbani kule ni volti 100. Aliichomeka kwenye 230 zetu sebuleni, watoto wamekaa mkekani wanasubiri. Ililia "paa" mara moja, ikatoa uzi wa moshi wenye harufu ya gundi, ikawa meza ya kuwekea maua. Nyuma yake, kwa namba za Kiingereza kabisa, imeandikwa 100V. Aliyeuza aliiona. Kuitaja kungemfanya shemeji aulize bei ya transfoma ya kushusha umeme, na hapo biashara ingechelewa.

Nenda sasa Ujiji. Yule wa tatu anauza na kutengeneza chumba kimoja, mbele meza ya bidhaa, nyuma meza ya mafundi yenye redio zilizo wazi matumbo. Siku niliyokwenda nilimkuta mzee mmoja wa msikiti, kanzu nyeupe, ana vijana wawili wa kubeba. Mzee alitaka spika mbili za boksi zenye taa za rangi, za kufunga juu ya mnara kwa ajili ya adhana.

"Mzee wangu, shikamoo. Hizi ni za ndani."

"Marahaba. Mbona zina nguvu?"

"Zina nguvu, ila humu ndani ni karatasi. Mvua ya kwanza ya Novemba inalowa, ya pili inachanika. Na taa hizi mnazitaka za nini juu ya mnara?"

Vijana wakacheka kwa kuficha. Mzee hakucheka, akafikiri. Akatoka na honi mbili, za bati, mbaya kwa sura, za bei ndogo kuliko boksi moja, ambazo kazi yake ni hiyo tu: kupeleka sauti ya mtu mbali, juani na mvuani. Wimbo ukiupiga humo unasikika kama unatoka kwenye kopo. Adhana inafika.

Zamu yangu ilipofika sikuulizwa nina shilingi ngapi. Niliulizwa tupo waimbaji wangapi, jengo lina dari au ni bati tupu, ukuta umepigwa lipu au bado matofali, nani anafunga nyaya, spika zinakaa wapi na maiki zinakaa wapi. Nikajibu yote, na nikamwonyesha kipande cha waya tuliokuwa tukitumia, tuliouziwa kama shaba tupu. Alikikwangua kwa wembe mara mbili. Chini ya wekundu kukatokea weupe. Alumini iliyovikwa shaba. "Si mbaya," akasema, "ila mlilipa bei ya shaba." Kisha akaniambia spika zangu za zamani zinatosha mbili tu, na tatizo letu kubwa halikuwa spika. Tatizo ni kwamba zilikuwa nyuma ya kwaya. Sauti ilikuwa inatoka spika, inaingia maiki, inarudi spika, inaingia maiki, mpaka chombo kinapiga mluzi, na kila kikipiga mluzi mtu wetu wa mitambo anashusha sauti. Ndiyo maana hatukusikika. Akaniuzia maiki mbili na waya. Jumamosi akaja na bodaboda, akazisogeza spika mbele ya waimbaji, zikiangalia waumini, akakaa kiti cha mwisho akasikiliza bila kusema, akaondoka. Nilirudisha kwa kamati nusu ya pesa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya kamati yetu.

Nilimuuliza kwa nini aliacha pesa mezani. Sikupata jibu la kichungaji. "Nikikuuzia kubwa utarudi Jumatatu," akasema. "Jumatatu nina redio kumi za watu hapo nyuma. Sitaki kukuona Jumatatu."

Ndiyo hoja yangu nzima, ingawa aliisema vizuri kuliko ninavyoiandika. Risiti yake ina maandishi ya kalamu: matengenezo bure miezi mitatu. Kila uongo atakaoniambia mbele, ataulipia nyuma kwa muda wake mwenyewe. Nisieleweke kwamba kila muuzaji aliye fundi ni malaika. Fundi anayelipwa kwa kila ubovu ana sababu zote za kuuombea ubovu, na wapo wanaokupokea kifaa kizima wakakirudisha kimenyofolewa kilichokuwa kizuri ndani. Ufundi peke yake hautoshi. Ni ile miezi mitatu ya bure iliyogeuza hesabu.

Wapo pia wauzaji wazuri wasiojua lolote kuhusu sauti. Dada mmoja wa duka la vifaa vya simu, jirani na stesheni, alinitoa mikononi spika za masikioni nilizokuwa nimeshazilipia. "Kaka, hizi wiki hii wamenirudishia watatu." Nikamuuliza zipi ni nzuri, akasema hajui, ngoja ampigie bosi. Neno "sijui" kutoka kwa muuzaji nalithamini kuliko maelezo ya nusu saa.

Haki itendeke upande wa pili pia, kwa sababu sisi wateja si watu safi. Tunakwenda duka la mjini, tunamchosha mtu saa nzima, apige hii, apige ile, ashushe ya juu kabisa, tunapiga picha ya jina na namba, halafu tunatoka nje na kuagiza Dar kwa simu tukiokoa elfu thelathini. Mwenye duka amelipa pango, leseni na feni ili winga wa Kariakoo afanye biashara. Ikiharibika tunarudi kwa yule wa mjini tukimwomba ushauri, na tunanuna akitaja gharama. Na lipo la aibu zaidi, ambalo mji mzima unalijua: spika inanunuliwa Ijumaa, inapigwa send-off Jumamosi, Jumapili inafutwa vumbi, Jumatatu inarudishwa "ina kasoro". Muhuri wa mali ikishauzwa haukushuka kutoka mbinguni. Ulichongwa na mtu aliyechoka kukodisha spika bila kujua kwamba anakodisha. Halafu muhuri uleule ukaja kunikuta mimi mwenye twita ya plastiki.

Na tukifika dukani tunauliza wati. Muuzaji anayetaka kutueleza habari ya omu na desibeli tunamwona anatuzungusha, tunahamia duka la jirani ambako kijana anapandisha sauti tu. Mkoa wenye watu wanaojisifu, kwa haki, kwamba asili ya akina Diamond Platnumz na Alikiba ni hapa, ungetarajiwa kuwa na masikio makali zaidi. Tunacheza vizuri. Kusikiliza bado.

Sheria nayo ina sehemu yake, na imekaa karibu na jambo hili kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Najua, kutoka Kigoma kumshitaki mtu kwa redio ya laki sita ni kutafuta gharama ya laki nane. Kinachonivutia zaidi ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ya zamani, ambayo ndani yake mna kanuni moja ya akili sana: mnunuzi akimweleza muuzaji kitu kinatakiwa kwa kazi gani, akaonyesha anategemea ujuzi wake, na muuzaji ni mtu wa biashara hiyo, basi inachukuliwa kwamba kitu kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Tazama inavyoanza. Inaanza na mteja kusema kazi. Ukiingia dukani ukauliza wati ukatoka, umeupoteza ulinzi huo kwa mdomo wako. Ukisema "nataka ya kanisa la watu mia mbili, bati bila dari, amplifaya yangu ni hii", na ukamwomba aandike hayo kwenye risiti, umemwekea mzigo begani kabla hujalipa. Nimelijaribu hili maduka manne. Wawili waliandika. Mmoja alisema hana kalamu, na kalamu ilikuwa sikioni. Wa nne aliniuliza kama mimi ni wa TRA.

Jambo ambalo sheria haitaweza, na kamati za kwaya, misikiti na wenye kumbi zinaweza, ni kukubali kulipa bei ya mtu anayebeba. Yule wa Ujiji ni ghali. Maiki yake ilikuwa elfu ishirini juu ya ile ya Mwanga, na kwenye kikao kuna mzee aliyepiga meza kuhusu elfu ishirini hiyo. Nilimwonyesha ile twita ya plastiki. Bado naitunza kwenye bahasha ya risiti. Hakusema kitu, ila hakupiga meza tena.

Mwezi uliopita nilipita Ujiji kutafuta stendi ya maiki. Amenunua benchi, ameliweka mbele ya meza ya bidhaa, watu wakae wanaposikiliza. Alikuwa akimpigia simu mtu wa mzigo wake Dar, akimwambia arudishe pesa za spika mbili zilizofika na koni zimepasuka, na kwa sura yake nilijua anajibiwa habari ya muhuri nyuma ya risiti. Alipokata simu akanitazama. "Stendi sina leo, Mwalimu," akasema. "Zilizopo zinalegea shingo. Njoo Alhamisi."